NIMEPIGWA TOCHI: NILIPE, NITOE "YA SODA", AU NIENDE MAHAKAMANI?

1/8

Wale mnaosubiri sehemu ya pili ya kumwachisha mtoto ziwa mnisamehe, itakuja. Leo nina jambo lingine limenikaa kooni.

Wiki tatu zilizopita nilipigwa tochi. Nilikuwa natoka Kibaha kwa mama mkwe, naingia mjini kwa Barabara ya Morogoro, nyuma nina mwanangu wa miaka sita. Dada wa nyumbani alikuwa amenipigia mdogo amechemka, homa iko juu, paracetamol imeisha. Nikakanyaga. Huko mbele trafiki akanyoosha mkono, nikasimama pembeni. Hakuwa na maneno mengi: "Mama, za safari. Leseni yako tafadhali." Akanionyesha simu. Picha ya gari yangu, namba yangu, na chini yake 71. Eneo la 50.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu bila ukweli uzi huu hauna maana. Ile 71 ilikuwa yangu. Mashine haikukosea wala haikuwa gari ya mtu mwingine.

Afande akaandika. Shilingi 30,000, namba ya malipo ikaingia kwenye simu. Mwanangu akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Mama, tumekosea?" Sikumjibu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumtafuta mtu wa kumlaumu.

2/8

Nikafika kazini nikasimulia. Jamani, nchi hii ina wanasheria wengi kuliko tunavyodhani, tatizo wote wako chumba cha chai.

Kundi la kwanza likasema: "Sista na wewe! Ungetoa buku kumi pale pale yaishe. Elfu thelathini ni unga wa mwezi."

Kundi la pili likasema: "Usilipe! Kataa! Nenda mahakamani. Wanajificha nyuma ya miti, ule ni mtego. Tukikataa wote watachoka."

Kundi la tatu, na hili ni la mashemeji na waume zetu, likasema: "Wewe mama una watoto, una zamu, mahakama utaiweza? Lipa tu, ukae kimya." Hawa hata hawakuniuliza kama nilikosa au sikukosa. Kwao jibu ni lile lile, mama alipe, mama akae kimya.

Nimekaa na maneno yao wiki tatu. Nimefika mahali naona makundi yote matatu yanatupoteza, na sisi wenye watoto ndio tunaolipia. Nitawajibu mmoja mmoja. Atakayekasirika asome mpaka mwisho kwanza, matusi yatamsubiri.

3/8

Naanza na wale wa "ya soda".

Tuache kujidanganya kwamba anayekula rushwa ni afande peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji sawa na mpokeaji. Ukikunja noti ya elfu kumi ndani ya leseni, kosa lako la barabarani umelifanya kuwa kosa kubwa zaidi, tena kwa hiari yako. Kama askari ndiye anayekudai, namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi salio.

Lakini sitaki kuwatisha na sheria. Nataka tupige hesabu ya nyumbani. Unasema umeokoa elfu ishirini. Sawa. Kesho utapita pale pale kwa mwendo ule ule, kwa sababu umeshajua bei. Dereva wa daladala anayebeba mtoto wako kwenda shule naye anajua bei. Wa lori la mchanga anajua bei. Barabara nzima ikawa na bei, na mtoto wako ndiye anayevuka hapo kwa miguu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, begi kubwa kuliko mgongo.

Halafu tunakutana kwenye kikao cha wazazi tunalalamika madereva hawana adabu. Adabu gani, wakati sisi wenyewe tulishailipia isiwepo?

Na yule mtoto wa kiti cha nyuma anaona. Usifikiri amelala.

4/8

Sasa niseme kama nesi, maana hili ndilo ninalolijua.

Kwa 50 gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 71 ni karibu mita 20. Mtoto akichomoka kati ya bajaji mbili, wewe unahitaji kama sekunde nzima kumwona na kufikisha mguu kwenye breki. Sekunde hiyo gari haijaanza kupungua hata kidogo. Ukiwa 71 umeshakula mita sita zaidi kabla ya kugusa breki, na nguvu ya kugonga haiongezeki kidogo kidogo kama mwendo. Ukitoka 50 kwenda 71, nguvu inakuwa mara mbili.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu anayetembea kwa miguu akigongwa na gari la mwendo wa 65, hatari ya kufa ni mara nne na nusu ya yule aliyegongwa kwa 50. Kilomita kumi na tano tu za kwenye mshale. Na shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sisi huku tunapigana na malaria na kuharisha tangu mtoto anazaliwa, tunamvusha salama mpaka anaanza darasa la kwanza, halafu tunampeleka barabarani.

Mtu mzima akigongwa, bampa inampata miguuni. Mtoto wa darasa la kwanza inampata nyonga, tumbo, kifua. Ndiyo maana mtoto anaweza kuletwa bila jeraha la kutisha juu ya ngozi, anaongea, anaomba maji, na ndani damu inavuja.

Nimewahi kumpokea mmoja wa namna hiyo. Sitasema ni nani, lini wala wapi. Kilichonibakia ni dereva. Alikuwa mama kama mimi, amekaa kwenye benchi la korido, khanga begani, anarudia, "Sikuwa kasi sana, sista. Sikuwa kasi sana." Sikumjibu kitu, haikuwa kazi yangu kumjibu. Lakini neno lake nilikutana nalo wiki tatu zilizopita, kwenye mdomo wangu mwenyewe, nikimwambia afande: "Sikuwa kasi sana."

5/8

Kwa hiyo, je, niliipinga ile faini mahakamani? Sikuipinga. Nililipa siku ya pili, kwenye simu, nikatunza ujumbe wa malipo.

Hapa ndipo ninapogombana na kundi la pili, la "tukatae wote". Mimi siogopi mahakama. Ila mahakama kazi yake ni kuamua kitu kinachobishaniwa, na mimi sikuwa na cha kubishania. Ningesimama mbele ya hakimu niseme si kweli wakati najua ni kweli? Halafu nirudi nyumbani nimwambie mwanangu asiseme uongo kuhusu daftari la hesabu?

Eti "alijificha nyuma ya mwembe". Jamani, mwembe haukunikanyagia mafuta. Kama ninatembea 50 tu pale ninapoona sare nyeupe, basi sheria siifuati, namfuata afande. Mtoto anayevuka havai sare nyeupe.

Eti "nilikuwa na mgonjwa nyumbani". Kweli. Lakini homa ya mwanangu haikumpa ruhusa mtoto wa mwenzangu agongwe. Na kama nesi najua, homa ile ilihitaji kumpunguza nguo, maji ya kunywa, paracetamol ya duka la dawa la jirani na jicho la mtu mzima mpaka nifike. Dakika nne nilizookoa barabarani hazikuwa dawa. Angekuwa amedegedege, wa kukimbia ni aliyekuwa naye pale pale, kumpeleka kituo cha afya cha karibu, siyo mimi niliye kilomita ishirini.

Na hili mjue: hakimu hafungwi na ile elfu thelathini. Ukienda na kesi usiyokuwa nayo, ukakutwa na hatia, anaweza kukutoza zaidi, na siku zako za kibarua umezipoteza. Mama ntilie akifunga banda siku tatu, hiyo hasara hakuna wa kumrudishia.

6/8

Sasa ninageuka. Kaka zangu na mashemeji wa "mama lipa tu ukae kimya", hii ni yenu.

Mwezi uliopita Baba Junior aliangalia namba ya gari yake kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya magari. Akakuta anadaiwa mwendokasi wa siku ambayo gari ilikuwa kwa fundi, injini imeshushwa, iko juu ya mawe. Tuna risiti ya fundi yenye tarehe. Tuna picha alizotumiwa kwenye simu siku hiyo hiyo, injini chini, gari bila tairi la mbele. Hata ikisukumwa na malaika isingefika 78.

Mume wangu akasema, "Mama Junior, nilipe tu yaishe, tuna ada Januari."

Nikakataa. Tuligombana, sitawaficha. Akaniambia, "Yako ulilipa bila kelele, yangu ndiyo unaitafutia kesi?" Nikamjibu, ndiyo. Yangu nililipa kwa sababu ni yangu. Hii si yako, usiilipe.

Mama wenzangu, hapa watu wengi hawapaelewi. Faini ile ya papo kwa papo, kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, imesimama juu ya jambo moja: kwamba wewe mwenyewe umekubali kosa, ndiyo maana hakuna haja ya mahakama. Ukilipa umekiri. Huwezi kulipa leo "yaishe" halafu kesho ukalalamika ulionewa. Na usipokiri, Katiba yetu, Ibara ya 13, inasema usitendewe kama mwenye hatia mpaka hatia ithibitishwe. Hilo halijaandikwa kwa ajili ya wauaji na mafisadi tu. Limeandikwa hata kwa mama wa Kimara mwenye IST.

Mnasema mahakama ni usumbufu. Ni kweli. Lakini kila tunapolipa kosa lisilo letu, aliyekosea kusoma namba ya gari hajui kwamba amekosea. Ataisoma vibaya tena. Na yule aliyekuwa anakwenda 78 kweli kweli yuko barabarani, hana deni, amefurahi. Sisi tumemlipia.

7/8

Kwa hiyo kabla hujaamua, jiulize maswali matatu. Jiulize ukiwa peke yako, siyo mbele ya mashoga.

La kwanza: nilifanya au sikufanya? Kama ulifanya, lipa ndani ya siku zilizoandikwa, punguza mguu, maisha yaendelee.

La pili: kama sikufanya, nina nini mkononi? Hasira siyo ushahidi. Ushahidi ni picha isiyo ya gari yako, namba iliyosomwa vibaya, tarehe au saa ambayo gari ilikuwa kwingine, karatasi ya zamu kazini, risiti ya fundi. Kibao cha 50 kimeng'olewa? Kipige picha siku hiyo hiyo, ionekane na mahali, siyo baada ya mwezi kikiwa kimerudishwa.

La tatu: nitazipata siku za kufuatilia? Panga kabla. Nani anabaki na mtoto, nani anakushikia zamu, nauli inatoka wapi.

Ukiamua kupinga, usianzie kwa kugombana barabarani. Mtoto yuko kwenye gari, jua kali, malori yanapita sentimita chache kutoka mlangoni. Sema kwa adabu: "Afande, hili sikubaliani nalo, naomba kuona picha." Usisaini karatasi ya kukiri usichokikubali. Andika saa, mahali, maneno. Kisha nenda kituoni, omba kuonana na mkuu wa usalama barabarani, peleka nakala za ushahidi wako, siyo zile halisi. Kosa la kusoma namba linaweza kuonekana hapo hapo, bila hakimu.

Wakishikilia, sema unataka kwenda mahakamani. Hapo unaweza kutakiwa mdhamini, kwa hiyo barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA viwe tayari, na mtu wa kukudhamini ajue. Mahakamani utasomewa shtaka, utajibu kweli au si kweli. Ukisema si kweli, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, tena bila kuacha shaka ya maana. Wewe una haki ya kumuuliza shahidi: ulisimama wapi, kulikuwa na magari mangapi, picha iko wapi, kifaa kilikaguliwa lini. Ukikosa wakili unaweza kujisemea mwenyewe. Na msiogope lugha. Tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa ushauri wa bure wapo watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017; waulize ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa.

Na nenda siku uliyopangiwa. Hata kama ni saa mbili asubuhi na mvua ya Mbezi inajulikana. Ukikosa bila taarifa, kesi ndogo inageuka kubwa.

8/8

Namalizia na wale watakaoniita "nesi wa polisi".

Siwatetei. Nina ugomvi wangu na tochi, na naomba muusikie. Kwa nini nakutana nayo mara nyingi kwenye mteremko mweupe usio na nyumba, na siioni mbele ya shule saa watoto wanapotoka? Kama lengo ni kuokoa maisha, tochi isimame pale watoto wanapovuka, na isimame hadharani, tuone, tupunguze. Hapo hata mimi nitapeleka chai kwa afande.

Na tochi peke yake haitoshi. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la Amend lilijenga njia za watembea kwa miguu, vivuko na matuta kwenye shule zilizokuwa na hatari, kwa mradi unaoitwa SARSAI, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Vitu vya kawaida kabisa. Tuta halilali wala halina bei. Wazazi wa shule yenu wakiandika barua moja yenye sahihi mia kwa TARURA au TANROADS, nakala kwa diwani, wamefanya zaidi ya miaka kumi ya kulalamika kwenye daladala.

Sheria ikiwa mbaya pia inabadilishwa. Mwaka 2021 bodaboda na bajaji walipunguziwa faini kutoka 30,000 hadi 10,000 baada ya kilio chao kufika bungeni. Hawakupunguziwa kwa kukunja noti kwenye leseni. Walisikika kwa sababu walisema.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kosa langu nalilipa. Kosa lisilo langu silikubali, hata kama ni elfu kumi. Na sinunui njia ya katikati.

Kesi ya Baba Junior bado. Tumepeleka nakala kituoni mara mbili, mara ya kwanza mhusika hakuwepo, mara ya pili tumeambiwa tusubiri kuitwa. Tukiitwa mahakamani tutakwenda, nimeshaomba kubadilishana zamu na mwenzangu na mama mkwe atakuja kukaa na watoto. Tukishindwa nitawaambia tumeshindwa na tumelipa ngapi. Tukishinda nitawaambia pia.

Na yule wa kiti cha nyuma nilimjibu hatimaye, siku nalipa. Nikamwambia, "Ndiyo, mama alikosea, alikuwa anakimbia sana." Sasa hivi tukipita Kimara anasimama kati ya viti viwili kuchungulia mshale. Nimemwambia akae chini afunge mkanda. Hilo nalo tutaliongea wiki ijayo, maana naona mnavyowapakata mbele.

Nina zamu ya usiku leo. Maswali yawekeni, nitajibu asubuhi nikishanywa chai.